Mkasi wa Karani

Karani wa karakana ya useremala ya Muhonja, mtaani Baba Dogo, alikuwa na sheria moja: barua ya biashara isivuke daraja la chini kabisa la uzito wa posta. Kila bahasha aliipima kwanza kiganjani, macho ameyafumba, kisha kwenye mizani ya jikoni aliyoileta kutoka kwake. Ikizidi, alitoa pini, akachukua mkasi na kupunguza kingo za karatasi huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Muhonja alimsihi hadi akachoka. “Lipa stempu kubwa, mzee, yaishe!” Naye alimjibu kwa upole ule ule wa kuudhi: “Madam, posta hawasomi, wanapima tu.”

Juma moja bahasha ilikuwa ya zabuni ya madawati ya shule moja ya Kitale. Muhonja alikuwa ametia sahihi chini ya kila ukurasa, kama shule ilivyotaka. Alipoingia ofisini, bahasha ilikwisha kwenda, na sahihi zake zilikuwa sakafuni, vipande vyembamba miguuni pa karani. “Imeingia daraja la chini, Madam,” alisema, akifuta mkasi kwa shati. Muda wa kutuma nyingine haukuwepo. Shule iliikataa zabuni, na mafundi waliokuwa wakiisubiri kazi hiyo wakaachishwa kazi wote.