Kiti cha Mchungaji Zalán

Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2013. Alfajiri kulikuwa na sakitu, umande ulioganda, juu ya majani, na ukungu ulifunika bonde zima hadi saa tatu. Kisha jua likatoka, kali na safi, mapaa yote ya kijiji cha Nyáraspatak yakaanza kutoa mvuke.

Mchungaji Bedő Zalán alikuwa amevaa tangu saa kumi na moja. Mkewe Tünde alimwona akizunguka jikoni, mara anashika kikombe, mara anakiweka bila kunywa.

"Wewe leo huhubiri," alimwambia. "Mbona unahangaika kama bwana harusi?"

"Ndiyo maana nahangaika. Sihubiri!"

Alikuwa na miaka hamsini na moja, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa mchungaji wa vijiji vitatu. Alibatiza, alifungisha ndoa, alizika, na kila Jumapili alihubiri mara tatu. Watu walimpenda. Lakini mwezi wa Agosti, akiwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake aliyekuwa akikata roho, alimfungulia zaburi amsomee, na kabla hajafika katikati akajikuta anaigawa vichwa vitatu vya mahubiri: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama yake akafa kichwa cha pili kikiwa bado akilini mwake. Tangu siku hiyo alijua kwamba kwa miaka mingi amekuwa akipika bila kuonja.

Alimweleza mzee mkuu wa kanisa, Kelemen Ábris. "Mzee Ábris, nataka Jumapili moja tu nihubiriwe. Nikose hiyo, sijui Krismasi nitawapa nini."

Ábris alikuna kidevu. "Mganga hajigangi, hilo kweli. Tutamwita Mchungaji Ilka wa Kövesd. Ila utakaa wapi?"

Hapo ndipo penye shughuli. Benchi la mchungaji liko mbele, chini ya mimbari, linawatazama watu. Zalán hakulitaka. "Nikikaa pale nitahesabu nani hayupo," alisema. "Nataka kukaa na nyinyi." Kila kiti cha kanisa hilo kina mwenyewe, kimerithiwa baba kwa mwana, wanaume kulia, wanawake kushoto. Ábris alisema Mungu atajua, wakaachia hapo.

Basi kengele ilipolia kwa mara ya tatu, Zalán aliingia kwa mlango wa watu wote, akaketi benchi la nne.

"Baraka na amani, Mchungaji," akasema Farkas Dénes, amesimama kofia mkononi. "Samahani. Hapo ni pangu."

"Utukufu kwa Mungu, Dénes. Nahama."

Akahamia la sita. Ndugu wawili wakaja, wakasimama wakimtazama kama ng'ombe waliokuta mlango wa zizi umefungwa. Akahama tena. Upande wa wanawake kicheko kikaanza kutambaa.

"Mpakate, Dénes!" mmoja akachokoza.

"Mpakate wewe, una mapaja mapana!" Dénes akamjibu.

Kinanda kilikuwa kimeanza. Mchungaji Ilka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita kondoo, alikuwa tayari ameingia. Zalán alisimama peke yake katikati ya njia. Akageuka kulitazama lile benchi lake la mbele. Akapiga hatua moja kulielekea.

"Hapana!" Alikuwa Mama Dósa Rebeka, mjane wa miaka themanini, amesimama upande wa kushoto. "Asirudi kule! Akae kwa Mózes wangu."

Watu wakamgeukia. Kiti cha Mózes, marehemu mumewe, kilikuwa kitupu miaka minne, nyuma ya nguzo, na hakuna aliyethubutu hata kuweka kofia pale.

"Mama Rebeka," Ábris akasema kwa upole, "pale mimbari haionekani."

"Ndiyo maana alipapenda! Alikuwa akisinzia."

Watu wakaangua kicheko, Zalán naye akacheka, akaenda akaketi.

Ilka alisimulia habari za nabii aliyemkimbia malkia, akachoka, akalala chini ya mti na kuomba afe. "Malaika hakumkemea," alisema. "Hakumuuliza kazi umeiachia nani. Alimwokea mkate." Zalán, kwa mazoea, akaanza: kichwa cha kwanza, mkate. Cha pili... Cha pili hakikuja. Alikuwa anaisikia harufu ya ule mkate, ukoko wake na moto wa makaa, na sauti ikitoka nyuma ya nguzo bila uso, kana kwamba inamsemesha yeye tu. Hakuna aliyemwona akilia. Walipoinuka kuimba aliimba kwa sauti kubwa hata Dénes, benchi la nne, akageuka.

Nje, juani, alimshika Ilka mikono yote miwili. "Nimeshiba! Dada yangu, nimeshiba!"

"Mshukuru Mungu," Ilka akajibu akicheka, kisha kicheko kikaisha. "Mimi mara ya mwisho kuhubiriwa ilikuwa miaka tisa iliyopita."

Jioni ile Zalán alimsimulia Tünde maneno hayo ya Ilka mara tatu.

Kesho yake, Jumatatu, hakungoja kifungua kinywa. Aliendesha gari hadi Kövesd, akamkuta Ilka akiwamwagia kuku mahindi.

"Kanisani kwako kuna kiti kisicho na mwenyewe?"

"Hata kimoja."

"Lete ufunguo, tukutafutie pa kukaa nije nikuhubirie. Na umwite mzee wako mkuu."

Ilka akaiacha ndoo palepale, kuku wakaivamia. Mzee alipofika, wote watatu wakaingia kanisani, wakaanza kuulizana benchi la kwanza ni la nani.