Sarafu Niliyoisugua

Miezi michache iliyopita mjomba alinipigia simu kuniambia wanabomoa nyumba ya bibi pale Bigwa ili wajenge fremu za biashara, na kama kuna kitu ninachokitaka niende kabla mafundi hawajafika jikoni. Bibi tulimzika mwaka juzi, na tangu hapo nyumba ilikuwa imekaa tu, inavuja. Nilikwenda nikidhani nitarudi na kinu, au ule mkeka wake wa ukili. Mjomba alinipokea mlangoni akiwa na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, ambalo mafundi walikuwa wamelikuta juu ya kenchi za jiko. Sisi Waluguru vitu vya namna hii hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye husema nani apewe nini, kwa hiyo kukabidhiwa hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni maneno yake.

"Mama aliniachia agizo," alisema. "Kopo lake la hela za zamani apewe yule aliyesugua. Hakutaja jina. Nimewauliza wenzako wote, hakuna anayejua."

Mimi nilijua. Nilikaa juu ya rundo la matofali nikiwa na kopo mapajani, mtu mzima na heshima zangu, nikalia mbele ya mafundi. Muda wote huo nilikuwa nimejidanganya kwamba bibi alisahau.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mama alikuwa mwalimu Dakawa, akahamishwa shule mara mbili kwa mwaka mmoja, akaona bora mimi nikae kwa bibi mpaka mambo yake yatulie. Nilikaa miaka minne. Bigwa ile haikuwa hii ya bodaboda na maduka ya vocha. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukafika mpaka kwenye migomba yetu, na ulimsikia jirani akikohoa kabla hujamwona. Tulikunywa chai ya mchaichai na magimbi ya kuchemsha, na mama alipokuja mwisho wa mwezi alileta mchele mpya wa Dakawa, ule ambao ukipikwa harufu yake inaita wageni. Hadi leo nikinusa wali wa namna ile nageuka kutazama mlango.

Kazi yangu ilikuwa vyombo. Nilivipeleka kijitoni na kuvisugua kwa majivu na mchanga, kwa mkono wenye hasira, mpaka sufuria nyeusi ya maharage ikawa kioo cha kujitazamia meno. Jirani alikuwa akinitolea mfano kwa binti zake, wakanichukia, nami kichwa kikavimba. Sikujua kusuka wala kuimba, na mbio nilikuwa wa mwisho. Lakini kusugua, hapana, hapo hakuna aliyenifikia.

Ndani ya kopo bibi alitunza hela ambazo maduka yalikuwa yameacha kuzipokea. Alinimwagia mkekani siku za mvua, wakati maharage yanachemka na hakuna pa kwenda. Kulikuwa na senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura aliyeinua masikio, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Kulikuwa na za mkoloni zenye tundu katikati, na moja kubwa yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Bibi alisema ile milima ni Uluguru na yule simba alifukuzwa shambani na babu yake. Niliamini kabisa, na ukweli nilipoujua baadaye haukunifurahisha.

Mwalimu wetu shuleni alikuwa ametufundisha kuweka karatasi juu ya jani na kupitisha penseli juu yake mpaka mishipa itokee. Nikaona kumbe hata hela inakubali. Daftari langu la sayansi likajaa mbuni, sungura na simba wa kijivu, nikajiona nina mbuga ya wanyama peke yangu. Sarafu moja tu ndiyo ilikosekana.

Ilikuwa ndogo, nyembamba, nyeusi tititi, na ukingo wake haukuwa duara la sawasawa. Haikuwa na mnyama wala kichwa cha mfalme. Ilikuwa na mistari midogo iliyoinuka, pande zote mbili, ambayo jicho halikuipata vizuri ila kidole gumba kiliipata. Bibi alipewa na bibi yake, na huyo aliipata wapi hakuna ajuaye. Kila nilipoomba kuipitishia penseli alikataa. "Hiyo haina picha," aliniambia. "Hiyo ni ya kusoma."

Na aliisoma kweli, kwa kidole gumba, macho yakitazama kwingine. Kama sukari imepungua, sarafu ilisema mwizi wa sukari huonekana midomoni. Nikinuna, ilisema mtoto anayenuna atakula ukoko. Kila mara ilisema jingine, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale, kwa sauti ya chini kidogo, kidole kikiwa upande wa pili: "Na huku inasema, anamtegemea Mola mwenye fadhila." Sisi watoto tuliyachukulia kama amina ya mwisho wa dua. Mjomba alikuwa akitucheka tunaokaa kumsikiliza, kwa sababu mama yake, alisema, hakujua hata kuandika jina lake. Ni kweli kalamu hakuijua. Utotoni alisoma chuo cha Kurani huko juu mlimani kwa misimu michache, akaachishwa ili akalime.

Ilipokaribia Idd nikaanza kuwaza zawadi. Hela sikuwa nayo, lakini mkono wangu nilikuwa nao, na nilikuwa nimeona bibi siku hizo akiisogeza ile sarafu karibu na pua, halafu mbali, halafu karibu tena. Nikajiambia ni uchafu unaomsumbua. Nikangoja siku ya gulio, na alipokwenda sokoni na ndizi nilipanda juu ya kinu nikashusha kopo.

Nilianza na ndimu. Weusi ukalegea, shaba nyekundu ikachungulia, nikashikwa na furaha ambayo kusema kweli sijaipata tena katika kazi yoyote. Nikaongeza majivu. Halafu mchanga. Nilisugua kama nilivyosugua sufuria, upande huu na upande ule, nikiosha na kurudia, mpaka sarafu ikawaka kama jua la saa saba. Hapo nikakumbuka daftari. Kwa kuwa sasa ilikuwa safi, niliona hakuna ubaya nikijipatia na yangu kidogo. Nikaweka karatasi, nikapitisha penseli.

Likatoka duara la kijivu. Nikabonyeza zaidi, nikageuza upande, nikabadilisha ukurasa. Duara. Nilipitisha kidole gumba juu ya shaba ile na hakikukwama popote.

Bibi aliporudi nilikuwa nimeketi mlangoni nimeifumba kiganjani. Nilifungua mkono tu. Alitua kikapu, akaichukua, akaifuta kwa ncha ya khanga. Akapitisha kidole. Akageuza, akapitisha tena, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Nilimwangalia usoni nikingoja fimbo, na wallahi ningeipenda fimbo.

"Imetakata," alisema. Kisha akatazama kwenye migomba kama kawaida yake. "Ngoja niisome. Inasema, nilikuwa mchafu, sasa nimeoga, nami nakwenda kusali Idd."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Alinipangusa, akaniambia nikabandike maji. Nilidhani yameisha.

Lakini siku ya Idd yenyewe, wakati wageni wanakula pilau, nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji nikamkuta bibi peke yake. Ameishika ile sarafu juani, anaiinamisha kushoto, anaiinamisha kulia, anaileta karibu na macho na kuisogeza mbali. Hakuniona. Nilirudi kimyakimya na ndoo yangu. Tangu siku ile maharage yalichemka misimu mingi, na hakuisoma tena, nami sikuthubutu kumwomba.

Nilipotoka kwa mjomba na kopo langu nilimkumbuka mhadhiri mmoja mstaafu, mpangaji wa zamani wa jirani yetu pale Bigwa, anayekusanya sarafu za kale. Kila mtu mtaani anamjua kwa wazimu wake huo. Nilimpa shikamoo, nikamwekea ile yangu mezani. Ilikuwa imerudi kuwa nyeusi kama zamani. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu.

"Nani aliisugua hii?" aliuliza.

"Mimi."

Hakunilaumu. Alifungua kijisanduku akanionyesha zake: ya Kirumi yenye mfalme aliyelika pua, nyingine yenye bundi, nyingine yenye farasi. Halafu akatoa moja aliyoachiwa na baba yake, mtu wa Kilwa, ndogo, nyembamba, ya shaba, ukingo usio sawa. Alisema za huko hazikuwekwa sura, ziliwekwa maneno tu. Upande mmoja jina la sultani, na jina hilo hubadilika kutoka sarafu hadi sarafu. Upande wa pili, nyingi zinasema jambo moja. Akaweka ukucha chini ya mstari akanisomea kwa Kiarabu, kisha akanitafsiria: anamtegemea Mola mwenye fadhila.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akaniambia kwa uungwana kwamba juu ya yangu hawezi kuapa, imeshakuwa kipande cha shaba tu. Nikamshukuru nikatoka, nikasimama kwenye uzio wake nikitazama mlima. Labda bibi aliyasoma maneno yale herufi kwa herufi. Labda aliyapokea mdomoni kwa bibi yake pamoja na sarafu. Vyovyote vile yalikuwapo. Upande wa kwanza alitutania, upande wa pili hakututania hata siku moja. Na ile siku niliyomrudishia sarafu inang'aa, alisoma upande mmoja akanyamaza.

Nyumba sasa imeshalala. Ilipokuwa migomba sasa ipo milango minne ya chuma. Juzi binti yangu, ambaye ana miaka ileile niliyokuwa nayo, aliikuta sarafu kabatini akanijia nayo mbio akiwa na dawa ya meno, anataka anisafishie. Nilimpigia kelele kuliko alivyostahili, mpaka akarudi nyuma. Nikajuta. Nikamvuta nikampakata.

"Kwani inasema nini?" akauliza.

Niliweka kidole gumba juu yake. Hakikukwama popote. Nikaigeuza, nikatazama dirishani, na kwa sauti ya chini kidogo nikamsomea upande wa pili.