Mama Nyaya na nyumba ambamo simu haitakiwi kunyamaza

Saa mbili asubuhi, fundi yuko juu ya ngazi kwenye korido ya nyumba ndefu, drili mkononi, vumbi la ukuta likimwingia machoni. Chini yake mwenye nyumba, mama mshonaji, ameishika ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una simu, na macho yake hayabanduki kwenye kioo.

"Taratibu usianguke, dada," anasema. "Ila usikawie."

Kwenye kioo anaonekana binti yake wa miaka sita, amelala chumba cha mbele. Ana kifafa. Kamera iliyo juu ya kitanda huita simu ya mama pindi mtoto anapoanza kutikisika, ili mama aweze kushona kwenye chumba cha uani.

Wiki iliyopita simu haikuita. Mshonaji aliinuka tu kwenda kunywa maji, akachungulia chumbani, akamkuta binti yake sakafuni, damu ikimtoka mdomoni.

"Nilidhani nimempoteza," anasema. "Simu iko mfukoni, kimya! Tangu siku hiyo cherehani sijaigusa."

Fundi aliyeitwa kuondoa hofu hiyo anajulikana mtaani kama Mama Nyaya. Alianza kwa kufunga antena za televisheni, ndipo akahamia kwenye mtandao. Wateja wake wengi humwita kwa sababu filamu zinakwama.

"Filamu ikikwama watu wananinunia, yanaisha," anasema. "Lakini hapa nikikosea..." Anarudi kutoboa ukuta.

Tatizo alilibaini mapema. Nyumba ilikuwa na vifaa viwili vya kurusha waifai, kimoja mbele, kingine uani, kila kimoja na jina lake. Simu ikishajiunga na cha mbele, iling'ang'ania hapo hapo hata mama alipofika uani, ambako mawimbi yalikuwa hoi. Ilionekana imeunganishwa, kumbe haipokei kitu.

Sasa amevipa vyote viwili jina moja na neno la siri moja, akaviunganisha kwa waya uliopita darini, na kuviwekea mpango wa kupokezana simu kila mama anapohama chumba.

Anashuka. Ni wakati wa kujaribu. Mshonaji anatoka chumbani kwa mtoto huku akitazama simu. Sebuleni, sawa. Anaingia korido, na picha inaganda. Mtoto kwenye kioo ameinua mkono, na mkono haushuki.

"Mwanangu!" Anarudi mbio, nusura aikumbe ngazi.

Mtoto yuko salama, anawashangaa wakubwa wanavyohema.

Mama Nyaya anakaa sakafuni. "Nimekutia kiwewe, mama, nisamehe," anasema. "Cha mbele kina nguvu mno. Simu haitaki kukiacha."

Anakipunguza nguvu, anapanda tena ngazi na kusogeza cha pili karibu na mlango wa uani. Safari hii picha inapita sebule, inapita korido, inafika kwenye cherehani bila kukwama. Mtoto anaambiwa atikise kitanda. Simu inaita.

"Tena," mshonaji anasema. Inaita. "Tena."

"Mama, nimechoka kutikisika!" mtoto analalamika, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wanawake wawili wanacheka.

Kicheko hakidumu. "Na umeme ukikatika?"

"Kesho nakuletea betri ya akiba," fundi anajibu. "Mpaka hapo, usikae mbali naye. Na hata nikiileta, uwe unampitia. Hiki ni kifaa tu, mama, si muuguzi."

Mshonaji anakaa kwenye cherehani. Mlango ameuacha wazi.

Mama Nyaya anapanga kuwafundisha kazi hii wanawake wenzake wawili, wawe wanapokezana zamu, ili kila nyumba yenye mgonjwa iwe na mtu wa kupigiwa saa yoyote. Kwa sasa mtu huyo ni yeye peke yake. Anapandisha sauti ya simu yake hadi mwisho, anaitia mfukoni, kisha anabeba ngazi.