Siku Nilipomsalimia Korongo

Andika kama ninavyosema, Swabra, usipunguze wala usitie chumvi, maana aibu hii ni yangu na nimeibeba miaka mingi bila msaada wa mtu. Kazi yako ni kalamu tu. Watu wa rika langu hapa Mbarara bado wanaikumbuka, na wakinikuta sokoni hunikunjia goti moja kwa mzaha, kisha huinua mikono yote miwili juu, nami hujifanya ninatafuta kitu kikapuni.

Ilikuwa miaka ya themanini, vita vimetulia, nami nikiishi Ruti na kufanya biashara ya samaki wakavu. Kila wiki nilipanda gari la mizigo hadi Nakivale, kwa wakimbizi waliovua katika ziwa la huko, nikanunua kwao na kurudi kuuza mjini. Ujue pia kwamba wakati huo nilikuwa mtu wa kuogopwa. Katika harusi za Waislamu wa Mbarara, mimi ndiye niliyewekwa kulinda adabu ya wasichana, na aliyetikisa kiuno kupita kiasi nilimtoa nje kwa sikio (mama yako ni mmoja wao, kamuulize).

Palikuwa na mpiga picha mmoja, Tumwine, mwenye studio nyuma ya soko. Kijana huyo alikuwa na uchungu wake, nao ni korongo wenye taji, tunaowaita entuuha, wale wale walio kwenye bendera ya nchi. Vijana walikuwa wakikamata makinda yao katika mafunjo ya Nakivale na kuwauzia wakubwa wa mji, kwa kuwa ilikuwa fahari mtu kuwa na korongo uani, amekatwa manyoya ya mabawa na kufungwa kamba mguuni. Siku moja akaja kwenye meza yangu ya samaki.

“Mama Zaina, tutabaki na bendera, ndege mwenyewe hatakuwepo. Kutakuwa na mkutano ukumbini, na chifu atakuja. Nikimwonyesha picha ya korongo akicheza kwao, akiwa huru, pengine atapiga marufuku kuwakamata. Maneno yangu wameyasikia, wakayaacha pale pale.”

“Na mimi unanitakia nini?”

“Wewe unapita kule. Unajua wanapochezea.”

Nilipajua kweli, kwa sababu nimewaona mara nyingi nikiwa juu ya gari, kwa mbali, kama nguo zilizoanikwa ambazo upepo unazirusha. Nikakubali.

Kosa langu lilianzia kwenye sanduku la nguo. Enzi zile kwetu, kupigwa picha kulikuwa na mavazi yake. Uliposikia jina la mpiga picha, ulioga, ukajipaka mafuta, ukavaa gomesi yako bora, ukasimama wima mbele ya pazia lake bila kucheka, miguu yote miwili ikionekana, kwa maana picha iliyokata miguu ilihesabiwa kuwa ni nuksi, hata jamaa wa mbali hakukubali kuipokea. Na Tumwine studioni alikuwa na desturi yake: akiinua mkono, unasimama, unanyooka, unatulia mpaka aushushe. Basi nami nikavaa gomesi ya hariri yenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana unaong’aa, nikafunga kitambaa cha manjano kichwani, nikajifukiza udi. Yeye alikuja na nguo za rangi ya tope.

“Mama Zaina, tunakwenda matopeni.”

“Tunakwenda kupiga picha,” nikamjibu. “Wewe ndiye uliyevaa kama mchimba choo.”

Hakubishana. Wakati huo hakuna aliyebishana nami.

Tulilala Nakivale kwa mvuvi wangu, Mkongo aitwaye Baba Furaha, na kulipopambazuka tukashuka mimi na Tumwine hadi pembeni mwa ziwa, tukajikunyata nyuma ya mafunjo. Hapa andika polepole, Swabra. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, hata usingeweza kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na ng’ombe wa wakimbizi walisikika wakikohoa mahali fulani ndani ya weupe ule bila kuonekana. Kisha wakaja. Sikuwaona wakitua, ilikuwa kana kwamba ukungu wenyewe umewafanyiza, kwanza miguu, kisha vifua vya kijivu, mwisho yale mataji ya dhahabu yakitetemeka. Chini yao, kwenye majani, makinda wawili wa rangi ya mchanga walikuwa wakidonoa. Dume akainama, jike akainama, wakaruka juu na kushuka bila kishindo, wakarusha vijiti hewani na kuviacha vianguke, na mimi, mtu wa kutoa watu nje ya harusi, nilijikuta nimeacha mdomo wazi na sijui nimekaa pale muda gani. Nilisahau samaki, nilisahau Mbarara, nilisahau hata tope lililokuwa likipanda kiatuni.

Ndipo Tumwine akainua mkono.

Baadaye aliniapia kwamba alitaka nisitikisike. Mimi mkono ule niliujua kwa maana moja tu. Nikasimama, nikanyooka, nikasogea hatua nikatoka kwenye mafunjo ili miguu yangu ionekane, nikatulia pale na hariri yangu yote mbele ya ndege wale.

Hawakuruka. Jike aliwasogelea makinda, na dume akanijia, taratibu, kama mwenye nyumba anayempokea mgeni, akasimama karibu yangu kabisa na kuinamisha kichwa hadi taji likagusa majani. Wewe unajua nilivyolelewa. Mtu akikusalimia kwa heshima unaitikia kwa heshima, na mwanamke wa kwetu huitikia kwa kukunja goti. Sikufikiri. Nikakunja goti, nikasema, “Agandi,” na tope likalimeza goti lile lote.

Akainama tena, akatandaza mabawa, akaruka. Nami nikainua mikono nisianguke, nikayumba huku, nikayumba kule, kiuno kikaenda kilikotaka chenyewe, na kila nilipoyumba yeye aliruka, mpaka nikaketi majini na gomesi ikajaa hewa ikanizunguka kama hema. Hapo ndipo korongo wote wakaingia ndani ya ukungu, makinda nyuma yao.

Baba Furaha alikuja na mwenzake kwa mtumbwi.

“Mama Zaina, uko unafanya nini mu maji na nguo ya ndoa?”

“Nilikuwa ninasalimia.”

“Unasalimia nani? Muntu hayuko hapa.”

“Nitoeni kwanza.”

“Mukamate kiuno,” akamwambia mwenzake. “Pole pole. Huyu mama iko muzito kupita mutumbwi.”

Siku chache baadaye Tumwine alikuja Ruti akiwa na uso wa msiba. Picha zote zilikuwa ukungu na vidoa, isipokuwa moja, na katika hiyo moja korongo alionekana vizuri mno, mabawa yote wazi, na mbele yake nilikuwa mimi, goti chini, mikono juu, kiuno kimepinda, nikicheza kuliko msichana yeyote niliyewahi kumtoa nje.

“Ukiionyesha hii,” nikamwambia, “usinisalimie tena mpaka kaburini.”

“Nitaikuza na kuitundika, Mama, lakini nitaifunika kwa kanga. Usiporuhusu, itarudi nyumbani ikiwa imefunikwa.”

“Basi itarudi.”

Siku ya mkutano nilikaa mbele pamoja na wanawake wenzangu. Tumwine alisema kwa uzuri habari za makinda na kamba, kisha akaonyesha picha zake. Chifu akazisogelea, akakunja macho.

“Hawa ni nini, Tumwine? Mbu?”

Ukumbi ukacheka.

“Ni korongo, mzee. Kulikuwa na ukungu.”

“Mimi ninao wawili uani kwangu, wanaonekana vizuri bila picha. Tuendelee na mengine.”

Tumwine akaanza kuzishusha moja moja. Nikawafikiria wale makinda wawili kwenye majani. Nilijua vijana walipita pale kila wiki, na kwamba maneno haya yakifungwa leo hakuna atakayeyafungua tena. Pia nilijifikiria mimi na jina langu. Sitakudanganya, nilijifikiria kwa muda mrefu zaidi. Kisha nikainuka, nikaenda ukutani, nikaivuta ile kanga.

Kicheko kilichotoka sijakisikia tena maishani. Wenzangu walijifunika ushungi wakatetemeka mabega. Sheikh wetu, mtu asiyecheka hata siku ya Idi, alijizuia mpaka machozi yakamtoka.

“Mama Zaina, ulimpigia magoti ndege?”

“Nilimsalimia, Sheikh. Yeye ndiye aliyeanza.”

“Na kiuno je, mama?” msichana mmoja akauliza kutoka nyuma. “Kiuno nacho kilikuwa kinaitikia salamu?”

Kwa mara ya kwanza sikuwa na sikio la kushika.

Chifu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliikaribia picha, akapita juu yangu kwa macho kana kwamba sipo, akabaki na korongo.

“Huyu ni wa nani?”

“Si wa mtu,” nikasema.

“Na hakukimbia?”

“Alikuwa kwake. Aliyekuwa ugenini ni mimi. Wako wanachezaje?”

Akaitazama picha mpaka watu wa nyuma nao wakaacha kucheka.

“Wangu,” akasema, “sijawahi kuwaona wakicheza.”

Siku ile ile alitoa amri kwamba atakayekamata makinda katika eneo lake atajibu mbele yake. Sisemi waliacha wote, wapo walioendelea kwa siri. Lakini wale wawili wa uani walifunguliwa kamba, wakatembea bustanini mpaka manyoya yao yakaota, na siku moja mke wa chifu akatoka nje asiwakute.

Mimi sikurudishwa tena kwenye kazi ya harusi, wala sikuiomba. Studio ya Tumwine niliikwepa, na nikiona kamera mahali popote huwa ninakaa chini haraka. Nakivale niliendelea kwenda kwa samaki, na asubuhi nyingine niliwakuta korongo wale wa ziwani wamo ndani ya ukungu wao, wakiinama na kuruka, makinda wakubwa sasa. Niliwasalimia nikiwa barabarani, kwa mdomo tu. Magoti yangu nimeyaweka kwa ajili ya sala, na huko ndiko yatakakobaki.