Ufunguo wa Bura

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nilipotolewa nyumbani kwa nguvu. Usicheke. Mimi kutoka nje kwa hiari yangu ni jambo la kupigiwa vigelegele, tangu ujana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa shangazi yangu hapa Mbulu mjini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda jiko lisije likabaki peke yake.

Jioni hiyo shangazi aliweka makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, akayafunika kwa majivu, akanipa.

"Mpelekee Bura. Amepata nyumba, na hakuna jirani hata mmoja aliyempelekea moto."

"Shangazi, si viberiti vipo dukani?"

"Kiberiti ndiyo jirani? Nenda, kabla hujaota mizizi hapo."

Bura alikuwa mtu wa Maretadu. Wazazi wake walipofariki, ndugu waligawana shamba wakamsahau, kama mtu anavyosahau mwavuli. Akashuka Hanang kwa vibarua vya ngano, vibarua vikaisha, akaja kulala kwenye baraza za maduka ya soko letu. Na baridi ya Mbulu unaijua, ile inayokufanya umwonee ng'ombe wivu kwa ngozi yake. Wenye maduka wakalalamika, mgambo wakamkamata kwa uzururaji. Akalala mahabusu, akaachiwa, akarudi barazani. Angerudi wapi? Wakamkamata tena, akaachiwa tena, mpaka hakimu akachoka kuiona sura yake. Akasema akiletwa mara nyingine, ni gerezani moja kwa moja.

Hapo ndipo shangazi aliposimama kwenye mkutano wa mtaa. "Kosa lake ni kulala," akasema. "Ninyi hamlali? Huyu mtoto wa kaka yangu analala mpaka mchana, mbona hamjamkamata?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatafuta pa kujificha, lakini kicheko kile kilisaidia. Ilikumbukwa kwamba nyuma ya ghala la zamani kuna chumba cha mtaa kisicho na mtu. Wanaume wakatengeneza paa, wanawake wakakandika kuta, kama tunavyofanya jirani anapojenga. Kisha kila mtu akaenda kwake ameridhika.

Lakini Bura akaendelea kuonekana barazani. Watu wakasema, basi, huyu kazoea barabara. Nami nikasema hivyo hivyo, nikiwa nimekaa karibu na jiko.

Basi nikaenda na makaa yangu. Mlango wa Bura nikaukuta na kufuli kwa nje. Nikageuka, nikamwona ng'ambo ya soko, amekaa barazani na blanketi lake chini ya kwapa. Na mgambo wawili wanamwendea.

Sijui miguu yangu ilitoa wapi mbio.

"Kaka Bura, mbona huingii kwako?"

"Niingie vipi? Ufunguo anao mwenyekiti wa mtaa. Kila jioni naenda kuomba nifunguliwe. Akinusa pombe, hafungui. Asipokuwepo, ndiyo kabisa. Leo yuko msibani Masieda."

"Umekunywa?"

"Maji ya bomba."

Mgambo wakafika. "Bura, simama. Safari hii hakimu hataki maneno."

"Anakwenda kwetu," nikasema. "Nimekuja kumchukua."

Mgambo mmoja akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Kumbe unatokaga nje?"

"Si unaona nimebeba moto?"

Wakatuacha. Nafikiri walitaka tu kwenda kuwasimulia wenzao.

Bura alilala kwetu. Asubuhi shangazi alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti, mimi nyuma yake.

"Shikamoo, mama," akasema mwenyekiti.

Shangazi hakuitikia. Kwetu hilo ni kofi, mwanangu. Mtu mzima akikunyima marahaba, hujui mikono uiweke wapi.

"Ufunguo wa nyumba yako wewe anao nani?"

"Ninao mwenyewe, mama."

"Na wa Bura?"

"Mama, tulitaka kwanza aache pombe, atulie, ndipo tumkabidhi."

"Atulie wapi? Barazani? Mpe pa kutulia, halafu ndiyo umwambie atulie. Nyumba inayofunguliwa na mwingine ni mahabusu tu, hata mkiikandika vizuri."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo.

"Marahaba," akasema shangazi, vidole vyake vikiwa vimeshaufumbata.

Tukampelekea Bura makaa mapya. Akayapokea, akaingia, akafunga kwa ndani. Siku ile hakutoka. Kesho yake jua lilipanda, mlango kimya. Mtaa ukaingiwa na hofu. Akaja mwenyekiti, wakaja na wale mgambo, na mimi nikasukumwa mbele nibishe hodi.

Kimya. Nikabisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Nani?" ikatoka sauti nzito ya usingizi.

"Ni sisi!"

"Rudini baadaye. Mwenye nyumba amelala."

Mwenyekiti alikaa chini palepale akacheka mpaka machozi, na mgambo mmoja naye akavua kofia akajipepea. Mimi nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu sokoni.

Pombe Bura hakuiacha siku hiyo. Aliipunguza polepole, akapata kazi ya kushusha mizigo, akapanda vitunguu swaumu nyuma ya ghala. Mahakamani hakuonekana tena.

Nimekusikia juzi, mwanangu, ukisema wanaolala stendi ya Katesh wazolewe wote, mji upendeze. Kabla hujasema tena, uliza wakiachiwa watakwenda wapi. Mtu asiye na pa kulala mpe chumba kwanza, na ufunguo umwachie mkononi. Mengine mtaongea akiwa ameamka. Kisha mpelekee moto, ajue ana jirani.

Mungu akujalie mlango wa kuufunga kwa mkono wako mwenyewe, na usingizi asioukatiza mtu. Sasa nenda, na urudishie huo mlango. Baridi inaingia.