Kikapu cha Ukindu Ukutani

Kile kitabu mimi na mama tulikichoma, tena kwa adabu zote. Nalisema mapema msije mkadhani naficha.

Mpangaji wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa. Kwao aliondoka kijana kwa meli, akakaa London miaka mingi akifanya kazi ya unesi, na huko akatoa riwaya mbili. Nilizishika kwa mikono yangu, picha yake iko nyuma, kanuna kama kalazimishwa. Miaka ile ya baada ya Uhuru watu weusi wa ng'ambo walikuwa wakija kwetu kutafuta asili yao. Yeye alikuja kufundisha sekondari, akapanga chumba cha uani kwetu Bagamoyo. Siku ya pili tu mama akaanza kumwita "mwanangu".

Alikuwa akiandika kitabu cha tatu, habari za bibi yake aliyemlea, mkata miwa. Miaka tisa alikuwa nacho. Bibi alikwishakufa, na aliyomsimulia hakuna mwingine aliyeyajua. Aliandika kwa mkono, nami, karani wa ofisi ya wilaya, nikaahidi kumpigia taipu. Leo nina harusi, kesho nina mafua, keshokutwa utepe wa mashine umekwisha. Miezi minne sikupiga hata ukurasa mmoja. Naye hakunisukuma. Angenisukuma ningemchukia, lakini ningepiga.

Sasa, mama yangu hakuacha karatasi yenye maandishi ikanyagwe. Herufi za kizungu hakuzijua, alisoma Kurani tu, na kwake maandishi ni maandishi. Hujui wapi limeandikwa jina la Mungu. Karatasi alizotupa mpangaji sakafuni aliziokota, akazipangusa vumbi, akazitia kwenye kikapu cha ukindu kilichotundikwa ukutani. Mpangaji alipoona vile alitokwa na machozi. Aliniambia tangu azaliwe hajaona mtu akiyaheshimu maandishi yake namna ile. Nikacheka, nikaenda zangu. Sikumwambia mwisho wa kikapu kile, maana kwetu nani asiyeujua? Kila mwisho wa Shaabani, tukisafisha nyumba kuingoja Ramadhani, karatasi za kikapuni huchomwa, na majivu yake hufukiwa kando ya ukuta, pasipopita miguu.

Mwaka ule alikwenda Dar siku tatu kushughulikia kibali chake cha kuishi. Kitabu alikuwa amekimaliza wiki ileile. Kabla ya kuondoka akakifunga kwa uzi mwekundu, akakitia kikapuni, chote. Alikiweka mahali pa heshima kuliko pote alipopajua nyumbani mwetu.

Nilimsaidia mama kuchoma. Uzi mwekundu niliuona. Nikajisemea, haya yatakuwa ya zamani, kaandika mengine. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa fundi cherehani kupima gauni la Idi.

Aliporudi alisimama mbele ya kikapu kitupu, akaniuliza kwa Kiingereza. Mama akadakia, "Anasemaje?" Nikamwambia anaulizia karatasi zake. Mama akafurahi, akamshika mkono, akampeleka ukutani, akamwonyesha udongo aliousawazisha vizuri.

"Mwambie hakuna aliyezikanyaga," akasema. "Hata moja."

Nikatafsiri. Ningefanyaje? Mpangaji aliutazama udongo, kisha akamtazama mama, mtu mzima wa watu, amesimama anangoja kushukuriwa. Nilitamani anizabe kibao mimi.

"Ahsante, mama," akasema.

Alijaribu kuanza upya. Nilimkuta mara nyingi mezani, kalamu mkononi, karatasi nyeupe. Mambo anayakumbuka, alisema, ila sauti ya bibi haiji tena. Hapo ndipo nami nikapata nafasi, eti. Nikaazima mashine ya ofisini, nikanunua utepe mpya, nikamwekea mezani. Ilikaa wiki tatu, nikairudisha. Mwaka haukuisha akarudi London, kwenye unesi wake. Kitabu kingine hakutoa. Nimeulizia kwa kila niliyemwona ametoka huko.

Mama sikumwambia mpaka anaingia kaburini. Niliogopa, na nilimwonea huruma, na nilijionea haya. Kila Shaabani ikielekea ukingoni, akikishusha kikapu, lazima aulize, "Mwanangu yule, kitabu chake alimaliza?"

"Alimaliza, mama," nilikuwa nikimjibu, na kumpa kiberiti.