Fundo Chini ya Goti

Kwetu Bukusu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hawakai chumba kimoja. Mila hiyo niliiona usumbufu mtupu, na siku nyanya, mama yake mama, alipoanguka jikoni kwake Kabuchai niliichukia kabisa. Mimi na baba tulikuwa tumempelekea mbolea. Baba alikuwa muuguzi Kitale. Mimi nilikuwa nimetoka tu sekondari, sijui hata kufunga bandeji.

Baba alibaki nje, ameupa mlango mgongo, akiniuliza kwa sauti.

"Mguu mmoja umekuwa mfupi?"

"Eeh."

"Wayo umelala ukiangalia nje?"

"Umelala."

"Basi nyonga imevunjika. Weka blanketi katikati, funga miguu yote miwili pamoja kwa leso. Kaza, isicheze."

Nikakaza huku nikilia. Fundo nikaliweka upande wa nje, chini kidogo ya goti. Baba hakuliona, nami sikujua kwamba hapo, kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu, neva inayoinua wayo imepita chini ya ngozi tu. Fundo liliibana hadi tulipofika hospitali Kitale.

Nyonga ilipasuliwa ikatengenezwa vizuri. Lakini wayo ulining'inia. Hata ndara haikukaa. Daktari aligusa alama ya fundo, akauliza kwa ukali nani alifunga hivi.

"Ni mimi," baba akasema.

Nilinyamaza. Naona haya hadi leo.

Neva huenda ikapona, daktari alisema, na huenda isipone. Nyanya hangeweza kulala kwa mkwe wake, kwa hivyo tulimpeleka kwa mama mdogo, Bungoma mjini, nikahamia huko. Kila asubuhi nilimkunja wayo na kuunyoosha. Kila Jumapili baba alikuja kutoka Kitale, akasimama nje ya dirisha.

"Kidole kimeinuka?"

"Bado."

Jumapili nyingi zilipita hivyo. Mwishowe nilishindwa kuvumilia, nikamwambia nyanya fundo lilikuwa langu.

"Si najua," akasema. "Iliniuma njia yote. Lakini wewe ulikuwa unalia, ningesema nini?"

Jumapili iliyofuata baba aliuliza kama kawaida. Nilikuwa nimeshika kisigino, na kidole gumba kikainuka, kidogo tu. Nikainama kukitazama vizuri. Baba akauliza tena. Nyanya, ambaye hakuwahi kumsemesha tangu amuoe mama, akageukia dirisha.

"Mkwe, imeinuka. Na ile fundo ya mtoto umebeba siku hizi zote, tua sasa."

Nikamsikia baba huko nje akipenga kamasi.